Faili la Herman

Holo alifika Kisarawe saa nne asubuhi. Kule Kibaha alikomwacha, mumewe Mahona alikuwa ameshikwa na kifafa mara tano tangu jana, na Daktari Ambokile hakumficha kitu.

"Zimebaki sindano za aina mbili, mama. Unasema moja ilitaka kumuua alipoumia kichwa zamani, lakini hujui ni ipi. Kalete faili la huko alikotibiwa. Nitavuta muda, ila si mwingi."

Kichwa hicho kiliumia miaka tisa nyuma. Mahona alikuwa amepeleka ng'ombe malishoni upande wa Kisarawe, dume likambamiza kwenye nguzo ya zizi, akalazwa hospitali ya masista hajitambui. Holo alikumbuka uso wake ulivyovimba baada ya sindano, na daktari akiandika kwa wino mwekundu. Jina la dawa hakuliuliza. Wiki tatu pale wodini hakuuliza lolote, kwa kuogopa asije naye akaulizwa.

Karani wa masjala ya hospitali hiyo, mama wa makamo aitwaye Biasha, alifunga daftari la pili.

"Mahona hayumo. Una hakika alilazwa hapa, mwanangu?"

"Hapahapa, mama."

"Kwa jina hilohilo?"

Holo akageuka kutazama mlangoni. Mtu mzima na akili zake, mume yuko kufani, bado anaogopa polisi! Herman, mdogo wake Mahona, alikuwa na kazi kiwandani Zegereni na kadi ya bima. Ndugu walikaa kikao kule Magindu, wakaona kadi haiwezi kulala kabatini huku mtu anakufa. Sura zilifanana, basi Mahona akalazwa kwa jina la Herman. Katika ukoo ule hakuna aliyeuita wizi. Waliuita undugu.

Simu ikalia. Alikuwa Modesta, mjane wa Herman, aliyeolewa baada ya kikao kile na sasa amebaki na mgonjwa.

"Dada, kimemrudia tena. Anahema kwa shida. Daktari anasema hawezi kungoja zaidi."

Holo alishika meza ya Biasha kwa mikono miwili. "Tafuta Herman, mama. Tulidanganya. Nifungeni baadaye, lakini mtafute."

Biasha alimtazama kidogo tu, akaingia ndani. Alirudi na faili lililojaa vumbi.

"Lilikuwa kwenye rafu ya marehemu."

"Ndiyo. Mwenyewe alifia hapahapa, ajali ya pikipiki."

Wino mwekundu ulikuwa ukurasa wa kwanza: asipewe tena fenitoini. Biasha alichukua simu ya Holo, akamsomea Daktari Ambokile herufi kwa herufi.

"Ndiyo niliyokuwa nimeivuta kwenye bomba la sindano," daktari akasema. "Naiacha. Nampa ile nyingine, fenobabitoni."

Holo aliketi sakafuni akalia kwa furaha na woga vikichanganyika. Biasha hakumbembeleza. Alikuwa amefunua kurasa zilizofuata, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mwanangu, hizi ni za Herman mwenyewe. Unajua kusoma?"

Holo alisoma. Herman aliletwa miaka miwili baada ya kaka yake, kichwa kimepasuka, kifafa hakikomi. Fenobabitoni imekwisha stoo, aliandika daktari wa zamu. Fenitoini ipo, ila tumeizuia: haipatani na mgonjwa huyu, tazama ukurasa wa kwanza. Chini yake iliandikwa saa aliyokata roho.

Alirudia kusoma. Safari hii hapakuwa na daktari wa kumpigia.

Simu ikalia tena mkononi mwa Biasha, naye akampa.

"Ametulia, dada," Modesta alisema, na sauti yake ilijaa machozi ya shukrani. "Amelala kabisa. Daktari anasema faili hilo ndilo limemwokoa. Mbona lilichelewa kuonekana? Kwani waliliandika jina gani?"

Holo alifunga macho.

"La mumeo," akasema.