Harusi Baada ya Mazishi

Kundi letu lilikuwa na fidla, filimbi, kodiani na mimi, Concepta, mpiga ngoma. Huku kwetu Clare mpiga ngoma hutaniwa na kila mtu, nami nimeshazoea. Tulichokosa ni sauti. Mwimbaji wetu, Senan Marrinan, alituhama siku ya Pasaka, pale dada yake Dervla, mwenye fidla, alipomkosoa mbele za watu. Katika wimbo wa vijana wawili wapendanao, Senan alikuwa ameruka ubeti wa harusi, akamzamisha bwana harusi baharini kabla hajaoa. Dervla akapaza sauti, "Harusi kwanza, wewe!" Ukumbi ukaangua kicheko. Senan akashuka jukwaani, na tangu hapo hakumsemesha dada yake.

Jumamosi tulikuwa na tamasha Ennis, lakini tamasha lingeenda tu hata bila mwimbaji. Dervla alitaka ndugu yake arudi. Alikuwa na huzuni mpaka hata nyimbo za kucheza zilimtoka kama za msibani.

Jumapili, siku sita kabla ya tamasha, baada ya misa tulikutana kwenye baa ya Mama Talty kama kawaida. Senan alikuwa kaunta na bia yake nyeusi, ametupa mgongo. Dervla akaweka fidla chini, akaimba wimbo mfupi, tena vibaya. Nikashangaa, maana yeye haimbi. Kumbe alikuwa anatafuta haki ya aliyeimba: ukimaliza, wewe ndiye unayemtaja wa kufuata, na aliyetajwa hakatai.

"Namwita Senan," akasema.

"Concepta, mwambie huyo ujanja wake nimeuona," Senan akanijibu mimi.

"Mwambie mwenyewe. Mimi ni ngoma tu."

"Simama, mwanangu," Mama Talty akamwambia. "Humu hata padri akiitwa anaimba."

Senan akasimama, akaugeukia ukuta kama wafanyavyo waimbaji wetu, akafumba macho. Akauanza wimbo uleule. Lo, sauti ile! Nilikuwa nimeikosa kuliko nilivyojua. Wale vijana wakaonana, wakapendana, wakapanga siku, na papo hapo, bila harusi, bwana harusi akazama.

Baa nzima ikamgeukia Dervla. Nikamwona amefumbua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

Akaufumba mdomo. Akainuka, akaenda ukutani, akaushika mkono wa ndugu yake na kuuzungusha taratibu, kama tunavyomfanyia mwimbaji tunayetaka ajue hayuko peke yake. Senan hakufumbua macho, wala hakuutoa mkono. Aliimba mazishi yote hadi mwisho, Dervla akiendelea kuuzungusha. Machozi yalinitoka, siyafichi.

"Haya, Senan," Mama Talty akasema, akipangusa macho kwa aproni. "Zamu ya kuita ni yako."

"Namwita dada yangu," akasema, mkono bado umeshikwa. "Kuna ubeti nimeuacha. Auimbe yeye."

"Ulisahau tena, au ulinitega?" Dervla akamuuliza.

"Imba, dada. Marehemu anasubiri kuoa."

Tulicheka mpaka mpiga kodiani akamwaga bia. Dervla akaimba ubeti wa harusi, vibaya vilevile, na sote tukaitikia huku tukigonga meza.

"Jumamosi mnaondoka saa ngapi?" Senan akauliza.

"Saa tatu. Na usichelewe!"

Hadi leo kundi letu huuimba hivyo, mazishi kwanza, harusi mwisho. Wajuao nyimbo hutukosoa kila mahali, na Dervla huwajibu kwamba wao ndio waliokosea.