Mtaa wa Nyumba Tisa

Jumatatu saa tatu asubuhi, mama mmoja asiyefahamika aliingia ofisi ya ramani kwa kupita chini ya mlango. Akasimama, akajikung'uta vumbi.

"Shikamoo, mama," alisema mchora ramani, msichana aliyeajiriwa mwaka huo.

"Marahaba. Mtaa wetu hauna upana tangu Alhamisi."

Mchora ramani akamsogezea kiti. Balaa hilo lilikuwa kazi yake. Kwa agizo la bosi, alikuwa ameandika kichujio cha kuipamba ramani ya mji: kompyuta ipite mtaa kwa mtaa, ihesabu nyumba. Zikifika kumi, rangi iwe njano na upana uwe sita. Zikipungua, upana uwe sifuri. Ramani ilipendeza. Mitaa mikubwa iligeuka njano, hadi paka wake.

"Sisi tumeshazoea," mama alisema. "Hata ndoa zimeimarika, maana hakuna kupishana bila kukumbatiana. Ila binti yangu anajifungua Ijumaa, na gari la wagonjwa si bahasha."

"Mna nyumba ngapi?"

"Tisa. Na banda la kuku."

"Kuku hawahesabiwi, mama. Lakini nakuahidi, Ijumaa gari litapita."

Bosi alikataa huku akikoroga chai. "Leo nikikubali tisa, kesho wa nane watabisha hodi. Kumi ni kumi."

Kichujio hakikuguswa. Alhamisi jioni mchora ramani aliitafuta kwenye ramani nukta ya nyumba yao, moja kati ya arobaini za mtaa wao, yenye roshani inayotazama uwanja wa mpira. Akampigia simu baba yake, akamweleza.

"Tunahama sasa hivi?" baba aliuliza. "Mechi iko dakika ya themanini."

"Najua, baba. Nimeshaahidi."

"Haya, vuta. Polepole tu, kuna sufuria jikoni."

Mchora ramani akaivuta nukta, na nyumba ikapita juu ya mapaa, nguo zikipepea kambani, ikatua kando ya banda la kuku. Mtaa ukafunguka kama mwavuli. Watu wakanenepa papo hapo, wakacheka mpaka wakashika mbavu, kwa kuwa sasa walikuwa nazo.

Ijumaa alfajiri baba alikaa kwenye roshani yake mpya, yaani roshani ileile, akiutazama ukuta wa jirani mahali ambapo goli lingekuwa. Wakazi wa mtaa wa pili, wenye nyumba nane, walijibana kiubavu kando ya barabara kuu kulipisha gari la wagonjwa. Likaingia mtaani bila kukwaruza ukuta wowote. Baba akalipungia mkono.