Nadhiri ya Mama Gaspar
Gaspar alianguka kutoka kwenye paa alilokuwa akiezeka Kinyerezi, uti wa mgongo ukaumia. Siku hizi kila akirudi kutoka mazoezini mama yake humuuliza swali lile lile: "Umetembea?" Naye hujibu, "Nimetembea, mama." Hadanganyi, ila anameza nusu ya habari. Kinachotembea ni ile mashine ya kuvaa, vyuma vinavyofungwa kuanzia kiunoni hadi nyayoni na mota zinazokunja magoti kwa zamu. Yeye ni abiria tu. Lakini kwa jinsi mama mtu anavyochangamka akisikia jibu lile, ungekuwa wewe ungemmalizia?

Asubuhi moja mama yake huyo, Mama Demetria, alifunga safari kutoka Kibamba, akafuatana naye hadi kituo cha mazoezi Kinondoni ajionee mwenyewe. Alisimama nje ya kioo, kanga begani, kiti cha magurudumu cha mwanawe kando yake. Farida, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, akamfunga Gaspar mikanda, akaiwasha mashine, na mwana akainuka na urefu wake wote, akavuka chumba taratibu. Vigelegele vilivyopigwa hapo viliwatoa watu maofisini.

Gaspar akageuka amtabasamie mama yake. Hakumwona.

Mama alirudi wakati Farida ameshamvua mashine na kumketisha kitandani. Uso wake uling'aa.

"Mama, kiti changu cha magurudumu kiko wapi?"

"Kimeondoka, baba. Niliweka nadhiri kwa Mungu, siku nikikuona umesimama, kile kiti hakilali tena kwangu. Hapo nje yupo dada mmoja, Mwanaasha, kabeba mgongoni binti yake wa darasa la pili, miguu haifanyi kazi. Nimempa."

Farida alishafika mlangoni akikimbilie kiti, Gaspar akamzuia. Alijua kikirejeshwa kimyakimya, jioni ataulizwa tena kama ametembea, naye atajibu vilevile.

"Mama, kaa kidogo. Inayotembea ni mashine. Nikiivua, siwezi hata kusimama. Na huenda nisiweze tena."

"Sasa huku unafuata nini?" Alisema kwa ukali wa mtu aliyeumia.

"Damu inazunguka, mifupa haidhoofiki. Halafu nikiwa wima, mama, najiona mtu mzima."

Mama Demetria alilifunga na kulifungua pindo la kanga. Tangu azaliwe hakuwahi kurudi nyuma katika neno alilomwambia Mungu. Kisha akainuka, akatoka.

Alikawia. Aliporudi alikuwa anasukuma kiti, machozi yanamtiririka.

"Nimemnyanyua yule mtoto kwa mikono yangu, Gaspar, nikamrudisha mgongoni kwa mama yake. Alikuwa ameshaanza kucheka. Na mwenzangu hata hakuninunia, kanipa pole."

Wakamsaidia Gaspar kukaa. Akamwomba mama yake amsukume upesi hadi getini. Mwanaasha alikuwa ndiyo kwanza anatoka, ameinama, miguu ya binti inaning'inia kiunoni mwake.

"Dada, ngoja kwanza!" Gaspar akaita. "Mlete nimpakate mpaka kituo cha basi. Mie mapaja yangu hayachoki."

Mama Demetria hakungoja kuambiwa. Alimnyanyua binti yule tena, akamweka mapajani kwa mwanawe, akawasukuma wote wawili.