Viti Saba vya Mzee Qiao

...na kiti cha nyuma kabisa, upande wa dirisha, kingekuwa cha mama mkwe wa Lanting, maana akina mama wa Hebei, kule kaskazini, wanapenda kutazama nje, au ndivyo Qiao Shouren alivyojiambia siku ile anachagua gari, na sasa yumo ndani ya gari hilohilo, limesimama uani chini ya ghorofa lake hapa Hengyang, kipasha joto kinavuma, simu iko sikioni, na Lanting, binti yake wa pekee, anasema kutoka Hangzhou anakoishi na mumewe Meng, "Baba, unanisikia? Mwaka mpya huu tena itabidi twende Hebei kwa kina Meng, baba yake analalamika, unajua alivyo," anajua alivyo, atajulia wapi, mkwe mwenziwe wamekutana siku ya harusi tu, mzee wa watu hakugusa pilipili hata moja, akala wali mkavu huku anatabasamu kwa adabu... "Nendeni, kwani nani kawakataza," akajibu, na roho ikamsinyaa palepale, kwa sababu kwenda Hebei ni kutokuja Hengyang, mwaka mpya ni mmoja na mtoto aliyemzaa ni mmoja, na nyama aliyoikausha kwa moshi inaning'inia kule kibarazani kama nguo za mtu aliyehama, ataila na nani, na ndiyo maana hasa akanunua gari, si la kifahari, ni Jiahe, la humuhumu nchini, la watu wenye familia na mifuko ya kawaida, alipiga hesabu nyepesi tu, kama shida ni kwamba binti hawezi kugawanyika vipande viwili basi wakwe nao waje huku, atawapokea stesheni wote kwa mpigo, wakwe wawili, Meng, Lanting, mtoto wao, yeye kwenye usukani, na kile cha saba... cha saba kilikuwa cha mjukuu wa pili, ambaye hajawahi kuthubutu kumtaja mbele ya mtu, "Baba, umekasirika?" "Nikasirike nini?" na gari lenyewe hajamwambia, alitaka walione stesheni, washangae, siku ya kukabidhiwa walilivika ua kubwa jekundu la kitambaa juu ya boneti, wafanyakazi wote wa duka wakajipanga kupiga makofi, na yule msichana wa mauzo akamuuliza, "Mjomba, tuisubiri familia ndiyo tupige picha?" akasema, "Wako njiani, piga tu," uongo mweupe, basi wale wafanyakazi wakamzunguka wakacheka kama wanawe, picha ikatoka nzuri sana, na hakuwa na mtu wa kumtumia.

Tangu hapo viti sita vina nailoni zake za kiwandani, hilo si ajabu, mtaa mzima huziacha gari lisichafuke, lakini za wenzake zimechanikachanika kwa makalio ya watoto na zake zinang'aa, mpaka Fan wa getini kamzoea, kila akipita ni, "Mzee Qiao, basi lako linaondoka saa ngapi, au bado hujapata abiria?" naye humrudishia, "Abiria wangu hawachanganyiki na watu wa geti," wanacheka wote wawili, kisha Fan anaenda kwa mkewe naye anabaki humu, kwa sababu humu kuna joto kuliko nyumbani, na kwa sababu ukiita "Xiao He" sauti ya kike iliyomo katika kila Jiahe inaitika "nipo", na tangu mama yake Lanting afariki hakuna mwingine anayemwitikia hivyo, aibu gani hii, mzima na mvi zake anabembelezwa na redio... "Mbona kimya hivyo, uko wapi?" Lanting akauliza. "Nyumbani, natazama televisheni, nimepunguza sauti. Na wewe?" "Nyumbani, wapi tena, yaani kelele tupu, mtoto anasoma kwa sauti, Meng anakaanga samaki, hapakaliki," na yeye akafumba macho akaonja kelele zile, mafuta yanachacharika, mtoto anarudia somo lake, akaona wivu, ndiyo, wivu wa kumwonea mtoto wake mwenyewe, ila hakuzisikia, aliziwaza tu, sikioni mlikuwa kimya kama ndani ya kabati, na katikati ya kimya kile sauti ya kike ikasema kwa upole, "Umekaa kwa muda mrefu, nikushushie kiti upumzike?" naye akaangalia kioo cha dashibodi yake, la, si hii, hii haijasema kitu, imetoka kwenye simu, ni Xiao He yuleyule, na Lanting akanong'ona upesi, "Hapana, nyamaza," kisha kwa sauti kubwa, "Hiyo ni tivii, baba."

Tivii... basi ana Jiahe na yeye, yuko chini kwenye maegesho ya jengo lao, taa zimezimwa, lifti iko hatua chache tu na hapandi, kumbe kila jioni akipiga saa hizi, miaka hii yote, Qiao hajawahi kusikia sahani wala kikohozi cha Meng wala mtoto akililia kitu, alidhani wamefunga mlango ili wamheshimu mzee, kumbe hakukuwa na mlango, na hilo gari limezoea kumuuliza kama kachoka, gari limeuliza, baba yake hajauliza, baba yake amekaa akigawa viti, huyu hapa, yule pale, kila mtu kampangia dirisha lake, na hakuwahi kujiuliza huyo anayemsubiri anaishije huko aliko, kuna nini kule juu asichotaka kukikuta, au hakuna kitu, ni uchovu tu, hata uchovu, kwani kuuliza kungemuua, akatamani kusema vaa koti zito Hebei kuna baridi, ndilo asemalo kila mwaka, ndilo pekee analojua kusema, "Baba? Upo?" "Nipo," akasema, nje Fan anafunga geti dogo na kumpungia mkono, hakumpungia, "Lanting, usipande juu kwanza. Kaa tu. Hata mimi niko garini," na kule Hangzhou pumzi ikakatika kidogo, ikaanza tena, na hakuna aliyekata simu.