Sifuri ya Mtoto

Mwalimu wa mifumo endeshi ya kompyuta alikuwa amechoka hoi bin taabani, na karatasi thelathini bado zilikuwa zikimkodolea macho mezani. Swali la nne alilisahihisha kama mtu anayesinzia: programu inapouomba mfumo uzae mchakato mpya, zinakuwa nakala mbili, mzazi na mtoto, na zote zinaendelea kutoka mstari uleule. Kila moja inarudishiwa jibu gani? Kwenye madaftari yake, tangu enzi na enzi, mzazi alipewa sifuri, mtoto akapewa namba. Wanafunzi walikariri hivyo hivyo, naye akawapigia vema bila kusita.

Akaufikia mwandiko wa mpwa wake. Binti huyu wa dada yake alikuwa anarudia mwaka baada ya kuanguka kwa alama mbili tu. Akianguka tena, chuo kinamfukuza. Naye, kichwa kigumu, ameandika kinyume: mzazi hupewa namba ya mtoto, mtoto hupewa sifuri. Chini ameongeza: "Mtoto akimtaka mzazi wake atauliza, mzazi ni mmoja. Mzazi ana watoto wengi. Asipopewa namba atamjuaje huyu?"

Swali hilo lilimkera kwa sababu lilikuwa na akili. Shingo upande, akavuta kibodi, akaandika mistari sita ambayo kwa miaka kumi na moja aliifundisha bila kuijaribu hata siku moja. Kompyuta ikajibu. Mzazi: 4127. Mtoto: 0.

Akairudia mara tatu, akimwomba Mungu ikosee. Haikukosea. Swali la nne lilikuwa na alama tatu, mwaka huu na mwaka jana. Aliona haya peke yake chumbani.

Akampigia simu.

"Mwanangu, mwaka jana swali la nne ulijibuje?"

"Hivyo hivyo, Mjomba."

"Na ulijua nitakukata. Si ungeandika ya kwenye daftari, ukapita zako?"

"Niliijaribu kwenye kompyuta, ikakataa. Sasa ningeandikaje?"

"Basi ungekuja kuniambia!"

"Nilikuja, Mjomba. Ulikuwa hapo hapo mezani, unasahihisha. Ukasema umechoka, nije kesho." Akavuta pumzi. "Na kesho yake nikaja. Ukasema nije kesho."