Moyo wa Kujaribia Mashine

Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, mpimaji wa hospitali huijaribu mashine ya kupimia moyo kwa mlinzi wa getini. Kifaa cha kujaribia kiliharibika miaka mitatu iliyopita, na barua za kuomba kingine zimeota ndevu. Basi mlinzi ndiye kifaa, na wenzake wanamwita Kipimo. Leo alijilaza kitandani jasho likimtoka, na asubuhi yenyewe ya baridi.

"Wakaguzi wanakuja, dada," alisema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Labda tutaletewa hata viti."

"Mbona unatoka jasho hivyo?"

"Geti lile zito. Limenivuta bega mpaka taya."

Karatasi ikatoka. Mpimaji aliyajua mawimbi ya mtu huyu kama mwandiko wa mama yake: kilima kidogo, ncha ndefu, mstari unashuka kupumzika, kisha kilima kingine. Leo baada ya ncha mstari haukushuka. Ulibaki juu, umetuna. Sehemu ya moyo ilikuwa inakosa damu.

"Usinyanyuke, kaka." Akachomoa karatasi ya jana kwenye droo, akakimbilia na zote mbili kwa mganga mkuu.

Mganga mkuu alikuwa anafunga tai. "Huyu si mgonjwa, hana faili. Mashine ndiyo mbovu. Ipeleke stoo, wageni wasiione."

"Bosi, hii ya jana. Mtu yule yule, mashine ile ile."

"Jana ilikuwa nzima, leo imeharibika. Kazi yako kupima. Kusoma niachie mimi." Akaandika juu ya karatasi ya leo kwa kalamu nyekundu: Mashine mbovu.

Mpimaji aliinyakua karatasi. Alirudi chumbani mbio, akakuta kitanda kitupu. Nje honi ilikuwa inalia, na mlinzi hangojei kuitwa mara mbili.

Alimkuta chini ya geti, mnyororo bado mkononi, hapumui. Akapiga magoti, akaita manesi kwa sauti asiyoijua, akaanza kumkandamiza kifua.

"Fungua geti kwanza!" mganga mkuu alimfokea kutoka barazani. "Wageni wako nje!"

Mpimaji alikuwa anahesabu. Kumi na moja, kumi na mbili. Honi ikalia tena. Alimsikia bosi vizuri kabisa, na hakuinua kichwa. Geti wageni wangejifungulia wenyewe.