Pindo Lililolowa

Jirani wa ukuta mmoja, ambaye mtaa mzima humwita Redio akishageuka mgongo, anasema aliona kwenye runinga kwa macho yake mawili. Mama wa watu amekaa sebuleni kwake, anamlilia marehemu mumewe, machozi yanamfika shingoni. Na nyuma yake, mlango wa jikoni, mke wa mwanawe amesimama kaziba mdomo, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

"Anamcheka mamamkwe! Peupe! Nchi nzima inatazama!"

Aliisimulia dukani, akaisimulia bombani, na kila akiisimulia kicheko kilirefuka. Ilipofika zamu ya saluni, mke wa watu alikuwa amecheka mpaka akakaa chini.

"Labda waliigiza," msusi alijaribu.

"Waigize nini? Wenyewe wameandika pale juu, maisha halisi. Wewe suka."

Aliyejua vingine alikuwa ndani ya nyumba ileile ya kwenye runinga: binti wa yule mama, mpiga pasi wa hicho kipindi. Kazini walimwita Dada wa Nguo. Alikuwa mpole, mwenye macho yasiyopitwa na kitu, na kazi yake ilikuwa kufua, kunyoosha, na kuhakikisha kifungo kilichoonekana kimefungwa asubuhi hakionekani wazi jioni. Mtayarishaji alipokosa familia ya kuingia kipindini, ni yeye aliyesema, "Njooni kwetu." Mama yake alifurahi, akapaka ukuta rangi.

Siku ya kwanza ya kupiga picha ilikuwa ya vichekesho. Mshika kamera alirudi kinyumenyume, akatumbukiza mguu kwenye beseni la maji ya sabuni. Maji yaliruka, yakamlowesha wifi pindo la gauni lake la bluu. Wifi aliegemea mlango wa jikoni, akaziba mdomo, akacheka. Dada wa Nguo naye alicheka mpaka pasi ikataka kuunguza shati.

Jioni mtayarishaji alimvuta pembeni. "Kesho mama ndiye ataongea. Wifi yako avae gauni lilelile, na mama vilevile. Siku zifanane, tupate kukata na kuunga."

Alielewa. Nyumba za watu wengine alikuwa ameshafanya hivyo mara nyingi, akawavalisha nguo za jana, akaenda zake na mfuko wake wa vibanio bila kujiuliza kilichoungwa na nini.

"Kesho tena gauni hilihili?" wifi alilalamika. "Watu watasema kaka yako hanivishi."

"Vaa tu, wifi yangu. Linakupendeza."

Akalifua lile pindo, akalinyoosha kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ya pili mama aliulizwa habari za marehemu, naye akalia kweli, kilio ambacho wanawe hawakuwahi kukisikia. Alikaa kaupa mgongo mlango wa jikoni. Jikoni hakukuwa na mtu. Wifi alikuwa ametumwa dukani kuwanunulia wageni maji ya kunywa.

Kipindi kilipotoka, nyumba nzima ilikaa mbele ya runinga. Mama alilia kwenye kioo, wifi akacheka kwenye kioo, vikafuatana kama swali na jibu. Mama alitamka neno moja tu, "Kumbe," akaingia chumbani. Kaka mtu akahamishia mto wake kwenye kochi.

Dada wa Nguo peke yake aliona pindo. Kwenye kile kicheko lilikuwa jeusi kwa maji.

Alitaka kusema palepale. Lakini kusema kungeleta swali la pili, nalo lilikuwa lake: nani alimvalisha? Na kazini walikwishaambiwa wote, ya kule hubaki kule, anayetoa nje aende nayo nje. Akajiambia atasema kesho, wakishapoa. Kesho ilipokuja walikuwa hawajapoa, akaisogeza mbele tena.

Sasa wifi alikuwa akifungasha. Dada wa Nguo alimkuta kapiga magoti mbele ya sanduku, gauni la bluu likiwa juu kabisa.

"Dada zangu wanakuja kunichukua jioni," wifi alisema. "Kaka yako hata kunizuia hajanizuia."

"Wifi..."

"Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Sikumbuki kumcheka mama; nilitumwa dukani, lakini sikumbuki kama ilikuwa kabla ya kilio au baada. Lakini nimejiona, si nimejiona? Labda nilicheka kweli. Labda nina roho mbaya na sijijui." Alinyanyua uso. "Wewe unanionaje, wifi?"

Dada wa Nguo alichukua lile gauni, akalikunja upya, mikono ndani, pindo chini. Mikono yake ilijua la kufanya.

"Unakunja vizuri," wifi alisema, akatabasamu kidogo. "Ningelikunja mimi lingefika kama tambara."

Lile tabasamu lilimchoma kuliko tusi.

Alitoka akamkuta mama sebuleni, kwenye kiti kilekile. Alikuwa ameazima simu ya Redio, na Redio mwenyewe alikuwa mlangoni, kajifanya anatafuta kandambili.

"Umeshaipata, jirani," mama alisema. "Nenda."

Redio akaenda, polepole sana.

Mama alimnyooshea binti yake simu. Picha ilikuwa imesimamishwa penye kicheko. Kioo kilikuwa na ufa, lakini pindo lilionekana vizuri kabisa kwa anayejua pa kutazama.

"Mkwe wangu amekaa nami vizuri miaka yote hii," mama alisema kwa sauti ya chini. "Nilipougua, ni yeye aliyeninawisha. Moyo wangu unakataa, macho yananiambia ndiyo. Na macho yangu mimi yamechoka."

Chumbani, zipu ya sanduku ilisikika ikivutwa.

"Wewe ulikuwepo, mwanangu. Macho yako hayapitwi na kitu. Itazame vizuri, halafu uniambie, kabla hajatoka: alinicheka?"